Virusi vya Povu vya Farasi na Wanyama Wengine: Mfanyakazi Ajue Nini?



Katika toleo hili twapenda kueleza jambo ambalo ni nadra kutajwa katika mikutano ya matawi yetu, ingawa linawagusa wenzetu wengi: walinzi wa mashamba ya miwa na mahindi, wakamuaji wa maziwa, watunza farasi, wachinjaji, na wale wanaosafisha vizimba vya wanyama. Jambo lenyewe ni virusi vya povu.

Jina hilo lisimtishe mtu. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba mpaka leo hakuna ugonjwa wowote uliothibitishwa kwamba unaletwa na virusi hivi, si kwa farasi, si kwa ng'ombe, wala kwa binadamu. Basi kwa nini tunavipa nafasi katika gazeti letu? Ni kwa sababu virusi hivi ni shahidi. Vinapokutwa katika damu ya mtu, vinatuambia kwamba siku moja mate au damu ya mnyama iliingia mwilini mwake, na mara nyingi iliingia akiwa kazini. Mlango uliopitisha virusi visivyodhuru ndio mlango ule ule unaoweza kupitisha virusi vinavyoua.

VIRUSI VYA POVU NI NINI

Virusi ni vidudu vidogo mno, hata darubini ya kawaida haiwezi kuvionyesha. Haviwezi kuzaana peke yake. Sharti viingie ndani ya chembe hai ya mnyama, mtu au mmea, na kuitumia chembe hiyo kama kiwanda cha kutengeneza virusi vingine.

Virusi vya povu ni vya ukoo uitwao retrovirusi. Katika ukoo huo huo wamo virusi vya Ukimwi. Tabia ya ukoo huu ni kwamba kirusi kikiisha kuingia katika chembe hunakili maagizo yake na kuyachomeka katikati ya maagizo ya urithi ya chembe yenyewe. Tangu siku hiyo mnyama huishi navyo maisha yake yote. Mwili wake hutengeneza askari wa kupambana navyo, lakini askari hao hawawezi kuvifukuza kabisa. Wataalamu wanapotaka kujua kama mnyama au mtu ameambukizwa, aghalabu huwatafuta askari hao katika damu.

Jina la povu lilitoka katika maabara. Mwaka 1954 huko Marekani, John Enders na Thomas Peebles walikuwa wakitafuta virusi vya surua. Kwa kazi hiyo walikuza chembe za figo za tumbili ndani ya vyupa. Ikaonekana kwamba hata katika vyupa visivyotiwa ugonjwa wowote, chembe nyingine zilianza kuungana, zikawa kubwa kupita kiasi na kujaa matundu, mithili ya povu la maji ya miwa yanapochemka kiwandani. Maana yake ni kwamba kirusi hakikutoka nje, bali kilikuja na tumbili mwenyewe, kimejificha ndani ya figo zake.

Hapa pana jambo la kushangaza. Ndani ya chupa virusi hivi huziharibu chembe upesi, lakini ndani ya mnyama vimekaa kimya. Wataalamu waliochunguza nyani wameona kwamba sehemu kubwa ya mwili virusi hivi huwa vimelala. Mahali vinapozaana kwa wingi ni kinywani, katika chembe za juu kabisa za ngozi ya kinywa, ambazo hata hivyo zimekaribia kufa na kubanduka. Kwa hiyo mnyama hapati hasara, lakini mate yake hujaa virusi. Mnyama akimng'ata mwenzake, humwambukiza.

Mazoea haya ni ya zamani sana. Mwaka 2005 wataalamu walilinganisha ukoo wa virusi hivi na ukoo wa nyani wa aina mbalimbali, wakaona kwamba koo hizo mbili zimegawanyika kwa mpango mmoja kwa muda usiopungua miaka milioni 30. Kila aina ya nyani ina virusi vyake. Ndiyo maana mtaalamu akivikuta katika damu ya mtu, anaweza kusema vilitoka kwa mnyama wa aina gani.

FARASI, NG'OMBE NA PAKA

Virusi vya povu haviko kwa nyani tu. Mwaka 1969 vilielezwa kwa paka na pia kwa ng'ombe. Kwa farasi ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2000 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba wamevipata katika damu ya farasi na kusoma maagizo yake yote ya urithi. Waliona kwamba ni ndugu wa karibu zaidi wa virusi vya ng'ombe na paka kuliko vya nyani. Waliona pia tofauti moja: virusi vya farasi huchomoza kutoka katika ngozi ya nje ya chembe, hali vile vya wanyama wengine aghalabu huchomoza kwanza ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 2019 wataalamu wa Japani nao walieleza kwamba wamevipata kwa farasi wa nchi yao.

Wenzetu wanaotunza farasi, ama katika viwanja vya mashindano ama katika mazizi ya matajiri, wajue mambo mawili. La kwanza, hakuna mtu aliyethibitishwa kwamba ameambukizwa virusi vya povu na farasi. La pili, wasivichanganye virusi hivi na ugonjwa mwingine wa farasi, ule wa upungufu wa damu wa kuambukiza. Ugonjwa huo nao huletwa na retrovirusi, lakini si ya povu. Huleta homa, humkausha farasi damu, na unaweza kumwua. Huenezwa na inzi wakubwa waumao, na pia na sindano moja inapotumiwa kwa farasi wengi. Haumpati binadamu. Hata hivyo funzo lake ni letu sote: sindano yenye damu ya mnyama mmoja isiingie kwa mwingine, na isiachwe mahali inapoweza kumchoma mfanyakazi.

Kwa ng'ombe, virusi vya povu vimekutwa katika mate na katika maziwa mabichi. Hapa pia hakuna binadamu aliyethibitishwa kuambukizwa. Maziwa yachemshwe, lakini kwa sababu nyingine: kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Hayo ni magonjwa yanayojulikana vyema na wakamuaji wengi wameyapata.

Kwa paka, virusi hivi vimeenea sana, na huenezwa hasa wanapong'atana. Marekani mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya kuwapima waganga wa mifugo wapatao 200, watu ambao kung'atwa na paka ni sehemu ya kazi yao. Hakuonekana hata mmoja aliyeambukizwa. Basi mtu asije akamwua paka wa ghalani kwa sababu ya habari hizi. Paka huyo anatufanyia kazi ya kuzuia panya.

NYANI NA SOKWE: HAPA NDIPO MLANGO ULIPO

Kwa nyani na sokwe mambo ni tofauti. Wao ni jamaa wa karibu wa binadamu katika maumbile, na virusi vyao vya povu vimevuka mara nyingi na kuingia kwa watu.

Habari hii ina sehemu yake katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1971 wataalamu wa Uingereza walieleza kwamba wamekuta virusi vya povu katika chembe zilizotoka kwa mgonjwa wa Kenya mwenye saratani ya sehemu ya nyuma ya pua. Kwa zaidi ya miaka 20 virusi hivyo viliitwa vya binadamu, na watu wengi walidhani viko kila mahali. Vilipokuja kusomwa kwa makini katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba ni virusi vya sokwe, na wala havikuwa vimeenea miongoni mwa watu. Baadaye ikajulikana kwamba vinafanana zaidi na vya sokwe wa mashariki, yaani wale wanaoishi Uganda, magharibi ya Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kenya haina sokwe wa mwituni. Lakini nchi zetu ni majirani, na virusi havitazami mpaka.

Mwaka 1998 huko Marekani yalitolewa matokeo ya kuwapima watu 231 waliofanya kazi na nyani na sokwe. Wanne walikutwa na virusi vya povu. Hawa hawakuwa wawindaji. Walikuwa wafanyakazi kama sisi, waliokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni.

Mwaka 2004 matokeo mengine yalitoka Kamerun. Kati ya watu 1,099 wa vijijini waliokuwa na mazoea ya kugusa damu au miili ya nyani, 10 walikuwa na askari wa virusi vya povu katika damu yao. Baadhi yao walikuwa wamevipata kutoka kwa wanyama wa aina tatu mbalimbali: gorila, mandrili na kima. Mwaka 2011, katika nchi hiyo hiyo, walipimwa watu 198 waliokuwa wameng'atwa au kujeruhiwa na nyani au sokwe. Walioambukizwa walikuwa 37, yaani karibu mmoja katika kila watano. Tazameni tofauti hiyo, ndugu zetu. Kwa wale waliogusa tu ni mmoja katika kila mia; kwa wale waliong'atwa au kujeruhiwa ni mmoja katika kila watano. Jeraha la meno ndiyo njia kubwa.

Kwa upande wa Uganda, mwaka 2009 wataalamu walieleza habari za mbega wekundu wa msitu wa Kibale. Karibu wote waliopimwa walikuwa na virusi vya povu, na baadhi yao walikuwa na retrovirusi za aina nyingine pia. Msitu huo umepakana na mashamba ya chai na mashamba ya wakulima. Vilevile mashamba ya miwa ya upande wa Masindi yamepakana na msitu wa Budongo, na nyani na sokwe hutoka humo kuja kula miwa. Anayesimama kati ya msitu na shamba ni mfanyakazi, mara nyingi ana fimbo tu na suruali iliyopasuka.

Je, watu hawa walioambukizwa wameugua? Hakuna ugonjwa mkubwa ulioonekana kwao, na haijaonekana mtu kumwambukiza mtu mwingine, hata mume na mke. Hata hivyo mwaka 2018 matokeo kutoka Kamerun yalionyesha kwamba wawindaji walioambukizwa walikuwa na upungufu wa damu kidogo kuliko wenzao wasioambukizwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba hakuna neno kabisa. Tuseme kwamba watu hawa wanastahili kuangaliwa na madaktari kwa miaka mingi.

JEMBE MOJA, MASHIMO MAWILI

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Mtu anaweza kusema: kama virusi vya povu havidhuru, kwa nini nijali nikikwaruzwa na tumbili? Jibu liko Marburg.

Tumekwisha kusema kwamba virusi vya povu viligunduliwa katika figo za tumbili. Figo hizo zilitumiwa duniani kote kutengenezea chanjo ya ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Mwaka 1967 tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda walifika katika kiwanda cha chanjo mjini Marburg, na katika maabara za Frankfurt na Belgrade. Wafanyakazi waliwapasua, wakatoa figo, wakasafisha vyombo. Ilikuwa kazi ya kila siku. Mara wakaanza kuugua: homa kali, kuhara, kutoka damu. Walioanza ni wale waliogusa damu, viungo na chembe za tumbili hao. Kisha wakaambukizwa baadhi ya waliowahudumia. Walioandikwa kuwa wagonjwa walikuwa 31, na 7 kati yao walikufa. Kilikuwa kirusi kipya, na leo kinaitwa Marburg kwa jina la mji ule.

Vivyo hivyo mwaka 1997 huko Marekani, mfanyakazi kijana wa kituo cha utafiti alirushiwa majimaji ya tumbili wa Asia jichoni. Tumbili wa aina hiyo huwa na virusi viitwavyo B, ambavyo wao wenyewe haviwadhuru sana. Kijana huyo alikufa baada ya wiki chache tu.

Na Ukimwi wenyewe ulianza hivyo. Wataalamu wamefuatilia ukoo wa virusi vyake mpaka kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kamerun, ambako vilivuka kwenda kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Inaaminiwa kwamba vilipita katika damu ya sokwe aliyewindwa na kuchinjwa.

Ndugu mfanyakazi, siku jino la nyani linapoingia katika mguu wako, huwezi kujua limeleta nini. Linaweza kuwa limeleta virusi vya povu, navyo vitakaa kimya. Linaweza kuwa limeleta kichaa cha mbwa, nacho dalili zake zikiisha kuonekana, ni karibu kifo kisicho na dawa. Jeraha kwa macho ni lile lile. Kwa sababu hiyo kila jeraha sharti litendewe kama lile baya.

UKIJERUHIWA, FANYA HIVI

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri juu ya jeraha la mnyama anayeweza kuwa na kichaa. Dakika 15 ni ndefu. Usiache baada ya mbili. Usipake majivu, tumbaku wala mafuta ya gari.

2. Mate au damu ikirukia jichoni au mdomoni, suuza kwa maji safi kwa muda huo huo.

3. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Taja mnyama gani amekujeruhi, na uliza juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Usingoje kidonda kivimbe.

4. Hakikisha ajali imeandikwa katika daftari la ajali: jina lako, tarehe, saa, mahali, aina ya mnyama, na jina la shahidi. Mwambie pia katibu wa tawi, naye aandike. Jambo lililoandikwa leo ndilo litakalokutetea baada ya miaka mitano.

5. Kama umewahi kung'atwa na nyani au sokwe, mweleze mwuguzi kabla ya kutoa damu hospitalini. Katika majaribio, damu ya tumbili mwenye virusi vya povu ilipotiwa kwa tumbili mwingine, ilimwambukiza. Kwa watu halijaonekana, lakini tahadhari haina gharama.

6. Usimguse tumbili aliyekufa kwa mikono mitupu, usimchune, wala usimle. Wala tusiwafuge watoto wa tumbili kambini kwa ajili ya kuchezewa na watoto wetu. Mtoto wa tumbili hukua, na akikua huuma.

WAJIBU WA MWAJIRI

Tumeeleza yaliyo juu yetu. Lakini mfanyakazi hawezi kuosha jeraha kwa dakika 15 mahali pasipo bomba wala sabuni. Mlinzi wa shamba hawezi kwenda zahanati ikiwa mnyapara anamwambia, "Ni nyani tu, rudi kazini," na kumkata mshahara wa siku. Kwa hiyo matawi yetu yadai haya: maji na sabuni karibu na kila sehemu ya kazi, viatu virefu vya mpira na nguo nzito kwa walinzi, glavu na miwani ya kukinga macho kwa wachinjaji na watunza wanyama, chombo kigumu cha kutupia sindano, chanjo kwa gharama ya mwajiri, na ruhusa yenye malipo kwa aliyejeruhiwa.

Haya si maombi ya huruma. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo Uganda tangu mwaka 2000, Kenya tangu 2007, na Tanzania tangu 2008, na zote zinataka ajali ya kazini itolewe taarifa. Kung'atwa na mnyama ukiwa kazini ni ajali ya kazini, sawasawa na kukatwa na mashine.

Tena tunalo jambo jipya la kushika mkononi. Mwezi Juni 2025 mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 192, ambao ni mkataba wa kwanza wa kimataifa unaohusu hatari zote za vidudu na viumbe hai mahali pa kazi. Mkataba hauifungi nchi mpaka nchi hiyo iuridhie. Basi ni kazi ya vyama vya wafanyakazi, katika kila nchi jirani, kuziuliza serikali zao lini zitauridhia.

Virusi vya povu vimekaa na wanyama mamilioni ya miaka bila kelele. Havituombi tuwaogope farasi, wala tuwaue nyani. Vinatuonyesha tu mahali ngozi ya mfanyakazi ilipopasuka na pasiwe na mtu wa kuandika. Sisi tuandike. Katika mkutano ujao wa tawi, mwenyekiti na aulize: nani kati yetu amejeruhiwa na mnyama mwaka huu, na jina lake limo katika daftari?